Oktani kubwa haitusaidii kitu ikiishia kwenye chupa ya barabarani

Magari ya mtumba kutoka Japani yenye injini za nguvu yameingia Bukoba kama yalivyoingia miji mingine ya nchi yetu. Ukifungua kifuniko cha tangi la Subaru Forester yenye tabo, au Toyota Altezza RS200, unaweza kukuta kibandiko chenye maandishi ya Kijapani ambayo mwenye gari hawezi kuyasoma. Yanamtaka atie petroli ya daraja la juu. Ndipo swali linapozuka gereji na vijiweni: petroli ya oktani kubwa inapatikana wapi hapa Kagera?

Swali hilo ni la haki. Na jibu lake linamgusa pia mkulima wa Kamachumu anayepeleka ndizi sokoni kwa pikapu, pamoja na mvuvi wa kisiwa cha Bumbile anayetegemea injini ya mtumbwi.

Kwanza tuelewane kuhusu oktani yenyewe. Oktani si kipimo cha nguvu ya mafuta. Ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo ndani ya injini bila kujiwakia kabla ya wakati. Petroli inapojiwakia hovyo, injini hugonga, na kugonga huko kukiendelea hutoboa pistoni. Injini yenye tabo hugandamiza zaidi, hivyo inahitaji oktani kubwa. Injini ya kawaida haipati faida yoyote kwa kutiliwa petroli ya namba kubwa kuliko iliyotengenezewa. Wenye magari ya dizeli jambo hili haliwahusu kabisa.

Kwa viwango vya Japani, petroli ya kawaida ni ya oktani 89 au zaidi, na ya daraja la juu ni 96 au zaidi. Msomaji ajihadhari na vitabu vya magari ya Marekani, kwa sababu wenzetu kule wanapima kwa njia nyingine. Namba 91 ya Marekani inakaribia 95 au 96 ya kwetu. Wapo waliohangaika bure kwa kutojua tofauti hiyo.

Wengine hukimbilia chupa ndogo za kuongeza oktani zinazouzwa madukani. Zinapotangaza kuongeza "pointi" 30, mara nyingi maana yake ni namba 3 tu, kwa kuwa pointi moja huhesabiwa kuwa sehemu ya kumi ya namba. Mnunuzi apige hesabu kabla ya kutoa fedha.

Sasa tuje kwenye kiini cha hoja yetu. Oktani ya mafuta ya taa haifiki hata 40. Chukua petroli nzuri ya oktani 95, kisha katika kila lita tano weka moja ya mafuta ya taa. Kwa hesabu ya makadirio, mchanganyiko huo hushuka chini ya 85. Hapo hata gari la kawaida lililotengenezewa 89 haliko salama, achilia mbali lile la tabo. Kwa hiyo mwenye Subaru anayetafuta namba kubwa na mkulima asiyejua oktani ni nini wana adui mmoja, naye ni mchanganyaji.

Serikali ilishapambana naye. Mwaka 2010, chini ya EWURA, mafuta yalianza kutiwa vinasaba ili yaliyochakachuliwa na yale ya nchi jirani yaliyokwepa kodi yatambulike. Mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa kutoka shilingi 52 hadi zaidi ya shilingi 400 kwa lita. Wananchi wa vijijini waliokuwa wakiwasha vibatari waliumia, lakini kishawishi cha kuchanganya kilipungua sana. Gharama ya hatua ile tulilipa sote, hivyo tuna haki ya kudai matunda yake.

Matunda hayo huishia kituoni. Mkaguzi hupima mafuta ya kituo. Ukitoka barabara kuu ya Bukoba kwenda Muleba na kuingia vijijini, au ukivuka maji kwenda Goziba, petroli hugeuka kuwa bidhaa ya dumu na chupa ya maji ya kunywa. Haina risiti, haina kipimo cha uhakika, na hakuna ajuaye imekaa juani siku ngapi. Ikiharibu injini, mnunuzi hana pa kulalamika. Pikapu ikifa wakati wa msimu, fedha ya kahawa inaishia kwa fundi. Injini ya mtumbwi ikifa katikati ya ziwa, hasara inaweza kuwa roho za watu.

Hatusemi muuza chupa afukuzwe. Anauza kwa sababu kituo kiko mbali, na akiondolewa leo bodaboda zitasimama kesho. Dawa ni kusogeza kituo. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) una mpango wa mikopo ya kujenga vituo vidogo vya mafuta vijijini. Halmashauri ya Muleba na vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa waone hiyo ni fursa ya biashara, na visiwa visisahauliwe. Kwa upande wao, EWURA na Shirika la Viwango (TBS) wapeleke vipimo hadi mialoni. Tunashauri pia kila pampu iandikwe namba ya oktani waziwazi, ili mteja ajue anachonunua.

Wakati tukisubiri hayo, mwenye gari atafute mtu wa kumtafsiria kile kibandiko. Kama gari lake ni la petroli ya kawaida, aache kuhangaika. Kama ni la daraja la juu, achague kituo chenye wateja wengi, ambako mafuta hayakai muda mrefu, ajaze tangi kabla ya kutoka mjini na atunze risiti. Akisikia injini inagonga anapopanda mlima, apunguze moto na amwone fundi. Na fundi asiombwe kuongeza presha ya tabo kwa petroli asiyoijua.

Kagera iko zaidi ya kilomita 1,300 kutoka bandari ya Dar es Salaam, na gharama ya safari hiyo imo ndani ya kila lita tunayonunua. Anayelipa bei hiyo anastahili kupata petroli kamili, awe na Subaru mjini Bukoba au mtumbwi huko Goziba.