Karatasi haiandiki programu

Wako wanaosema: «Asiye na diploma asiguse kazi ya kompyuta.» Mimi nakataa. Linus Torvalds wa Finland alianza kujifunza akiwa mtoto, kwa kompyuta ya babu yake. Mwaka 1991 alitoa Linux. Shahada aliipata mwaka 1996. Linux hiyo ndiyo moyo wa simu za Android tunazozishika hapa Muheto. Je, kazi ile ilingoja karatasi?

Huku kwetu Masisi vita imefunga shule mara nyingi. Kijana aliyekimbia na mama yake hakuukosa Mtihani wa Serikali kwa uvivu. Akijifundisha mwenyewe usiku kwa simu, mbona afukuzwe mlangoni kabla ya kupimwa?

Lakini ninyi vijana, msijidanganye. Programu ikikosea hesabu, fedha za watu hupotea. Diploma ni shahidi mwema, ila si shahidi wa pekee. Basi mwenye kazi awape wote, wenye diploma na wasio nayo, jaribio lile lile mbele ya macho yake. Anayeweza, aandikwe. Fundi hujulikana kwa kazi yake.