Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Dodoma

YAH: MIMEA INAYOTAMBAA BADALA YA UKOKA WA KUMWAGILIWA

Ndugu Mkurugenzi,

Jiji letu linajengwa kwa kasi, na kila ofisi, hoteli au kituo cha mafuta kikikamilika, kazi ya mwisho huwa ileile: kupanda ukoka. Naomba jiji liitazame upya kazi hiyo, maana mkandarasi akishaondoka, ukoka hubaki unadai maji miaka nenda rudi.

Tupige hesabu. Dodoma hupata mvua kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, karibu zote kuanzia Desemba hadi Aprili. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ukoka unaotakiwa kubaki kijani katika jua na upepo wa Septemba huhitaji kama milimita 4 kila siku. Bustani ya mita za mraba 1,000 basi hunywa lita 4,000 kwa siku, sawa na madumu 200 ya lita 20. Na sehemu kubwa ya maji ya jiji hili hutoka ardhini, katika visima vya Mzakwe. Anayeishi kwa maji ya mgao hahitaji kuelezwa thamani ya madumu 200.

Ukoka wenyewe hauna kosa. Kiangazi hukauka, mizizi ikabaki hai, na mvua zikirudi huchipua. Kosa ni letu tunaoulazimisha uwe kijani Septemba. Kwenye viwanja vya mpira na mahali watoto wanapochezea, uendelee kupandwa, kwa kuwa mimea michache sana hustahimili kukanyagwa kama huo. Lakini nani anacheza mpira kwenye kipilefti?

Wapo watakaosema: basi tuuache udongo mtupu, tufagie. Wengi wetu tumelelewa hivyo. Uwanja uliofagiliwa ni heshima ya nyumba, na nyoka huonekana mapema. Ila mkoa huu unaijua gharama ya udongo mtupu. Mwaka 1973, mwaka uleule ulipotolewa uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa, ulianza pia mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kupambana na mmomonyoko. Kule Kondoa, ardhi ilikuwa imechimbika makorongo. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika maeneo yaliyoharibika, na uoto ukaanza kurudi. Udongo uliovikwa haubebwi ovyo na maji wala upepo.

Mimea ya kuuvika ipo. Portulaka ya maua, ndugu wa mboga ya tako la hasani, hutunza maji katika majani yake manene. Hutambaa chini chini, haimpi nyoka maficho, na kipande cha shina kikichomekwa hushika. Kwenye kingo na miteremko zinafaa shubiri na sansevieria, mimea ambayo aina zake kadhaa asili yake ni Afrika Mashariki. Majumbani, msimu wa mvua, hata matembele hufunika uwanja na kuingia chunguni.

Tahadhari moja: wedelia, ile ya maua ya njano inayotambaa haraka, isiletwe. Imo katika orodha ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani.

Hatutakuwa wa kwanza. Jimbo la Nevada, Marekani, ambako mji wa jangwani wa Las Vegas hutegemea Mto Colorado, lilipitisha sheria mwaka 2021 ya kukomesha kumwagilia kwa maji ya mto huo nyasi za mapambo tu, zikiwemo za vipilefti. Katazo hilo halikugusa viwanja vya michezo wala nyasi za nyumba za familia moja moja, na sisi tunaweza kuanza hivyo hivyo.

Ninaomba mambo matatu. Kwanza, zabuni za jiji na masharti ya vibali vya ujenzi vielekeze ukoka upandwe panapokanyagwa tu. Pili, vikundi vya vijana na wanawake vinavyokopeshwa kutoka ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya jiji vihamasishwe kuanzisha vitalu. Miche ikipandwa sentimita 30 kwa 30, mita moja ya mraba hutaka 11, kwa hiyo soko lipo. Tatu, upandaji ufanyike Desemba, na fedha za palizi ya msimu wa kwanza zitengwe, kwa sababu kabla mimea haijafunga ardhi, magugu huitangulia.

Ikiwa hoja zangu zina shaka, zipimwe. Chagua vipilefti viwili vyenye ukubwa sawa, kimoja cha ukoka, kingine cha portulaka, vifungiwe mita za maji, na ankara zake zibandikwe kwenye ubao wa matangazo baada ya kiangazi kimoja. Wananchi watasoma wenyewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Dodoma