Neti ipo, kompyuta inakana

Leo nina hasira, mnivumilie kidogo.

Ijumaa tulijazana maabara ya kompyuta kutuma ripoti za fildi, mwisho saa kumi na moja jioni. Evolution, ile programu ya barua pepe, ikagoma, eti hatuko hewani. Msimamizi akatazama alama ya mtandao pale juu kwenye skrini, akasema, "Neti hamna, vijana." Basi wenzangu wakapanda baiskeli na jua lile la Tanga mpaka Ngamiani, kulipia kafe kwa bumu lao. Mimi mbishi nikafungua Firefox. Jamani, kurasa zinafunguka kama kawaida! Nikatumia hiyo hiyo kutuma ripoti.

Kisa ni hiki. Mashine zile zina Debian, na fundi aliandika anwani za IP kwa mkono kwenye faili la /etc/network/interfaces. NetworkManager ikikuta kadi ya mtandao imeandikwa humo, inaiacha, haiisimamii. Hapo sina ugomvi nayo. Ila programu nyingine zikiiuliza kama tuko hewani, inajibu hapana, kwa sababu katika kadi inazosimamia yenyewe hakuna iliyounganishwa. Ni sawa na mlinzi wa gati moja pale Raskazone atangaze kuwa Tanga nzima leo hakuna ngalawa, kisa gati yake tupu!

Na si jambo la jana. Firefox 3 ya mwaka 2008 nayo iliiamini, ikawa inajitoa mtandaoni yenyewe hadi mtu abadili mipangilio.

Najua mtasema kosa ni la fundi. Nakataa. Kuandika anwani kwa mkono ni njia halali ya Debian. Tena NetworkManager inayo hali ya "haijulikani", na maelezo yake yenyewe yanazitaka programu, zikipata jibu hilo, zichukulie kuwa huenda intaneti ipo. Sasa kwa nini isijibu hivyo? "Sijui" na "hakuna" ni maneno mawili tofauti kabisa.

Mpaka watakapojirekebisha, andika nmcli device. Ukiona "unmanaged", maana yake haiisimamii kadi hiyo, si kwamba neti hamna. Kwenye Evolution, nenda mipangilio ya mtandao uchague "Always Online". Nawe msimamizi wetu, piga ping kwanza kabla hujafukuza watu.

Wenzangu wawili walichelewa. Ndiyo maana sinyamazi.

Alamsiki.