Vali ya Usalama Isimame Wima

Boila lisilo na vali ya usalama kila mtu hulikimbia. La hatari zaidi ni lile lenye vali iliyofungwa ovyo, kwa sababu linatupa imani tusiyostahili kuwa nayo.

Nimezikuta vali zimelazwa ubavu eti dari ni fupi. Nyingine zimening'inizwa mwisho wa bomba jembamba lenye kona kibao. Nyingine zimewekewa koki chini yake ili fundi asihangaike siku ya kuzibadilisha. Huu ni uzembe, na tuuite hivyo.

Vali ya springi hufungwa wima, shina likielekea juu. Ukiilaza, kisahani na shina huegemea upande mmoja na kusagika, huku maji na kutu vikituama penye springi. Presha ikipanda, kisahani hukwama. Au hufunguka kisirudi sawasawa, vali ikaanza kuvuja. Hapo ndipo hutokea mtu na plagi akaiziba.

Bomba linaloileta presha kwenye vali liwe fupi, wala lisiwe jembamba kuliko mdomo wake. Kanuni inayotumika viwandani ni kwamba presha inayopotea njiani isizidi asilimia 3 ya ile iliyopangiwa kuifungua vali. Ikizidi, vali hufunguka na kujifunga mfululizo, ikigonga kiti chake hadi kiharibike. Kuhusu koki, kanuni za maboila za ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, haziachi mwanya: kati ya boila na vali yake ya usalama pasiwe na koki yoyote. Mtu mmoja akiifunga na kusahau, wote waliomo kiwandani wamenyimwa kinga.

Asiniambie mtu kwamba ni maji moto tu. Januari 1982, hita ya maji ililipuka katika shule ya Star Elementary, Oklahoma, Marekani, ikaua watu 7, wengi wao watoto. Maji hayo hayo yakigeuka mvuke katika presha ya kawaida hutaka zaidi ya mara 1,600 ya nafasi yaliyokuwa nayo.

Wakaguzi, msiishie kwenye cheti ofisini. Pandeni ngazi mtazame: vali imesimama? Chini yake kuna koki? Mvuke wake unatolewa mahali salama, au usoni pa mfanyakazi? Jibu moja likiwa baya, moto uzimwe siku hiyo hiyo. Mwenye kiwanda akilia hasara, aambiwe akasimame yeye mwenyewe mbele ya boila hilo zamu nzima.