Umepewa timu ya watoto? Anza na vyeti!

Vijijini kwetu meneja wa timu ya watoto hachaguliwi, anadondokewa. Kikao kinakaa chini ya mwembe, kocha yupo, jezi zimeahidiwa na diwani, halafu mmoja anauliza: "Na meneja nani?" Kimya. Hapo ndipo wote wanamkumbuka mwenye duka, au mwenye pikipiki, au yule mwalimu asiyejua kukataa. Mara nyingi mwenyewe hata kikaoni hayupo. Jioni analetewa hongera. Mshahara hakuna, posho hakuna, na kesho yake mpira ukitoboka anagongewa mlango yeye.

Basi kama uko Mazinde, ya chini au ya juu, na hongera za namna hiyo zimekufikia, vuta kigoda tuongee.

Wengi wanadhani meneja ni yule bwana anayekaa benchi na miwani ya jua, kila dakika tano anamtukana refa. Huyo ni shabiki aliyepata kiti cha bure. Nani acheze na nani apumzike, hiyo ni kazi ya kocha. Meneja anashughulika na yote yanayotakiwa kuwa sawa kabla filimbi haijalia, na yote yanayobaki baada ya filimbi ya mwisho. Na la kwanza kabisa ni umri.

Hapa ndipo penye kidonda. Nani asiyemjua kijeba? Timu imeandikishwa ya chini ya miaka 15, lakini beki wa kati ana ndevu, na mechi ikiisha anawahi nyumbani mtoto wake anaumwa. Uwanja mzima unacheka. Meneja naye anacheka, maana mbuzi wa zawadi ameshapatikana.

Kicheko hicho kiliwahi kuligharimu taifa. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya vijana chini ya miaka 17, walikuwa wameshapata tiketi ya fainali za Afrika kule Gambia. Hawakucheza. CAF iliwaondoa kwa kosa la kutumia mchezaji aliyezidi umri. Wale wengine waliotoka jasho kihalali waliikosa safari pamoja naye.

Halafu gurudumu likageuka. Kwenye mbio za fainali za 2017, Congo Brazzaville walitutoa uwanjani, lakini wakashindwa kumfikisha mchezaji wao mmoja kwenye kipimo cha umri. CAF ikawaengua, na Serengeti Boys wakapanda ndege kwenda Gabon mwezi Mei. Wakatoka suluhu na Mali, wakaifunga Angola 2-1, wakalala kwa Niger 1-0. Fainali zile tuliziona kwa sababu ya umri, kama zile za kwanza tulivyozikosa kwa sababu ya umri.

FIFA wana mashine ya MRI inayopiga picha mifupa ya kifundo cha mkono, wanaitumia kwa vijana tangu 2009. Wewe mashine huna, bwana, ila faili unaweza kununua. Kila mtoto awe na ukurasa wake: nakala ya cheti cha kuzaliwa. Kama hana, kadi ya kliniki, au cheti cha ubatizo, au barua ya mwalimu mkuu kutoka kwenye rejista ya shule. Chini yake andika namba ya simu ya mzazi, na kama mtoto ana pumu, kifafa au selimundu. Siku akianguka uwanjani hutakuwa na muda wa kuuliza.

Ukigundua kijeba, mwambie siku hiyo hiyo, tena faraghani, bila kumwaibisha. Mpe kazi ya kufundisha makipa au kuchezesha mechi za mazoezi. Maana kila kijeba anayeingia uwanjani, kuna katoto ka miaka 13 kamekaa chini kanang'oa majani. Kamekuja mazoezini msimu mzima, mama yake kafua jezi kwa sabuni ya mkopo, na siku yenyewe hakachezi. Kanajua kwa nini, usidhani hakajui. Somo lake la kwanza la ulimwengu wa watu wazima umempa wewe.

La pili ni safari. Watu wa kule wanajua: Mazinde ya chini iko bondeni, kwenye barabara kuu ya kwenda Same, jua kali na mkonge. Mazinde Juu iko mlimani huko upande wa Lushoto, ambako Juni na Julai baridi inakung'ata hadi kwenye meno. Mwenye gari anapandia Mombo, anazimaliza kona za Soni, anafika Lushoto kilometa 30 na ushei, ndipo aendelee. Upande mmoja mlima, upande mwingine korongo. Sasa mtu anachukua watoto 18, anawarundika nyuma ya pikapu, wanaimba wamesimama, meneja kakaa mbele na dereva. Jamani! Hao si magunia ya kabichi.

Tafuta gari lenye viti, hata kama ni kwenda na watoto 14 badala ya 18. Ondokeni mapema, mrudi kabla ya giza, hata kama mwenyeji anawabembeleza mngojee pilau. Watoto wa bondeni waambie wabebe sweta. Wahesabu wakipanda, wahesabu wakishuka, na mtoto wa mwisho asiachwe njia panda saa moja usiku eti kwao si mbali.

La tatu ni fedha. Michango ya timu za watoto ni midogo, na ndiyo sababu inagombanisha. Watoto 18 kwa shilingi 1,000 ni 18,000; ukilipa nauli na maji, imekwisha. Mzazi aliyetoa buku lake anaona kama kajenga ghorofa, na usipomwonyesha ilikokwenda atasema umekula. Nunua daftari, andika kilichoingia na kilichotoka, lisomwe mbele ya wazazi kila mwezi. Na mkishinda mbuzi, aliwe na watoto. Mbuzi wa watoto akishaingia kwenye supu ya kamati, timu imekufa hiyo.

La nne ni wasichana. Bado wapo wanaosema mpira ni wa wavulana. Waambie timu ya kwanza ya soka ya Tanzania kufika Kombe la Dunia la FIFA, kwa ngazi yoyote, ilikuwa ya mabinti: Serengeti Girls, India, 2022. Waliifunga Ufaransa 2-1 na kuingia robo fainali. Kwa hiyo wakija mabinti, wapokee, lakini usiwapokee peke yako. Tafuta mama anayeheshimika awe matroni, asafiri nao, akae nao wanapobadilisha nguo. Na ewe meneja mwanaume, usimwite mtoto wa mtu chumbani kwako kuchukua jezi. Hata kama moyo wako ni mweupe kama tui, mlango uwe wazi na watu wawepo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na ukiona mwenzako wa benchi ana macho mabaya, namba 116 haikati hela.

Mengine ni madogo madogo. Watoto wa chini ya miaka 12 wape mpira namba 4, namba 5 unawavunja miguu. Maji ya kunywa yafike uwanjani kabla ya jezi. Mtoto akigongwa kichwa akaona kizunguzungu, anatoka, harudi siku hiyo, kocha apende asipende. Na yule baba anayepiga kelele pembeni "mvunje huyo!" mfuate taratibu, msalimie vizuri, umuulize hali ya nyumbani. Mkishasalimiana atapunguza sauti, maana ameshajua unamwona.

Utasema: yote haya, bila malipo? Ndiyo, bila malipo. Ila hesabu na hili. Kila Jumamosi wazazi 18 wanakukabidhi watoto wao bila hati wala mashahidi, wanaingia shambani na mioyo imetulia. Matajiri wangapi wanaaminiwa hivyo? Ukiona huwezi, sema mapema, watafute mwingine, hakuna ugomvi. Ukiona unaweza, kesho asubuhi pitia dukani ununue faili na daftari. Mpira utanunuliwa na diwani, akikumbuka.