KIPANDIKIZI HUKAGULIWA, MKONO JE?



Katika mkutano wetu uliopita bwana mmoja alisimama akasema kwamba tunapoteza wakati kwa habari ya dawa za ukungu. Dawa za wadudu, akasema, hizo ndizo sumu. Dawa ya ukungu ni dawa ya majani tu, nayo haimdhuru mtu. Wengi walipiga makofi. Mimi sikupiga, na leo nataka kueleza kwa nini.

Wengi tuliozaliwa hapa Sori, kando ya ghuba ya Karungu, ziwa lisipotulisha hupanda basi kwenda Naivasha na kwingineko kwenye mashamba ya maua. Mimi nilifanya kazi miaka minne katika nyumba ya vipandikizi ya shamba ambalo sitalitaja. Kipandikizi ni kijiti kinachokatwa kwenye mmea mama ili kitiwe mizizi na kuwa mmea mpya. Vingine huoteshwa hapahapa, vingine hupakiwa na kupelekwa Ulaya kwa ndege. Adui mkubwa wa kijiti hicho, kama ni cha waridi, ni ubwiri unga, ule unga mweupe juu ya majani machanga, kana kwamba mtu amepita na ungo. Wakulima wa matikiti na nyanya wa hapa Sori wanaujua unga huo. Si ukungu uleule, kwa maana mimea mingi ina wake, lakini tabia zinafanana. Hauhitaji jani kulowa kama kuvu nyingine. Wapenda mchana wa joto kavu, usiku wenye unyevu, kivuli, na mimea iliyosongamana. Na nyumba ya vipandikizi ni nini kama si msongamano wenye kivuli?

Basi vijiti vile tulivichovya dawani kwa maelfu, mikono mitupu, maana glavu, tuliambiwa, zinapunguza mwendo wa kazi. Kisha anakuja mkaguzi wa KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea lililoanzishwa mwaka 1996, anageuza jani juu na chini, na kipandikizi kikiwa safi kinapewa cheti. Kazi njema, sina neno nayo. Lakini mkono uliokichovya haukugeuzwa na mtu yeyote juu wala chini.

Siku moja dada mmoja wa kwetu, mjamzito, aliondolewa kwenye kukata maua akaletwa kwenye meza yetu ya kuchovya, kwa kuwa ni kazi nyepesi ya kukaa. Nilimwuliza nyapara kama dawa ile yamfaa mama mwenye mimba. Akanionyesha mkanda wa kijani kwenye lebo. “Huoni rangi?” akasema. “Kijani. Haina neno.”

Ndugu zangu, hapo ndipo tunapodanganyika, na nyapara yule pengine alidanganyika pamoja nasi. Rangi ya mkanda, nyekundu, manjano, buluu au kijani, hupima jambo moja: ni kiasi gani cha dawa kinaweza kukuua upesi ukikinywa au kikikupata kwa wingi. Haipimi kinachotokea ukiigusa kidogo kidogo kila siku kwa miaka. Chukueni kabendazimu, dawa ya ukungu ambayo imetumika sana dhidi ya ubwiri unga. Katika hesabu ya Shirika la Afya Duniani imo katika kundi la zile zisizotazamiwa kuleta hatari ya ghafla, yaani kundi la kijani. Na dawa hiyohiyo Umoja wa Ulaya umeiandika kuwa yaweza kuharibu mbegu za uzazi na mtoto aliye tumboni. Benomili, dada yake, ambayo hugeuka kuwa kabendazimu, watengenezaji wake wakuu, DuPont, walitangaza mwaka 2001 kwamba wanaacha kuiuza. Kijani, mabwana! Na mama mjamzito akaketishwa mbele ya ndoo.

Wengine watasema, mbona wapiga dawa hupimwa damu? Ni kweli, katika mashamba mengi hupimwa. Lakini kipimo hicho kinachunguza madhara ya dawa za wadudu za jamii ya oganofosfeti na kabameti. Kuhusu dawa nyingi za ukungu hakisemi chochote. Mtu anarudi na karatasi iliyoandikwa “salama” na anaiamini, kumbe ameulizwa swali jingine kabisa. Na hata kipimo hicho ni cha mwenye bomba mgongoni. Sisi wa mezani hatukuwamo.

Sisemi dawa zote zimwagwe. Ubwiri unga ukiachwa, meza nzima yaweza kuharibika, na shamba likipata hasara wa kwanza kuachishwa ni kibarua, si meneja. Nasema tu kwamba dawa kali imekuwa ya kwanza mahali ambapo ingefaa kuwa ya mwisho. Kukata vijiti kwenye mmea mama ulio safi, kupanua nafasi, kufungua madirisha unyevu utoke, kung'oa jani lenye unga mapema, kupunguza mbolea ya naitrojeni inayoleta majani laini: haya yote yanataka mikono zaidi. Mikono ni mshahara, na bei ya chupa ni ndogo kuliko mshahara. Hesabu ndiyo hiyo, wala si sayansi.

Ziko na dawa nafuu kwa mwili. Mwaka 1845 Edward Tucker, mtunza bustani wa Margate, Uingereza, aliuona unga huu kwenye mizabibu, akautibu kwa salfa na chokaa. Baadaye mtaalamu Berkeley akaupa ukungu ule jina la Tucker. Heshima ya ajabu kwa mfanyakazi, ugonjwa kuitwa kwa jina lako! Salfa ingali inafanya kazi, ingawa nayo ina makucha: yaunguza majani jua likiwa kali, yawasha macho na kifua, na vile vyungu vya kuifukiza usiku, vikizidi joto salfa ikawaka, hutoa moshi mbaya kwa mapafu. Nyumba hiyo ifunguliwe ipate hewa kabla mtu hajaingia asubuhi. Iko bikaboneti ya potasiamu, ndugu wa karibu wa soda ya kupikia. Hata maziwa: mwaka 1999 Wagner Bettiol wa Brazili alitangaza kwamba maziwa mabichi, sehemu 1 kwa 9 za maji, yaliuzuia ubwiri unga kwenye mimea ya jamii ya maboga. Hapa Sori maziwa yana wenyewe, lakini mwenye ng'ombe na ajaribu.

Na sisi tuliorudi nyumbani tusijifanye wasafi. Nimeona bomba likisuuzwa ziwani, palepale omena wanapoanikwa. Dawa za ukungu kama azoksistrobini ni sumu kali kwa viumbe vya majini. Wachimba dhahabu wa Macalder tunawacheka kwa kushika zebaki kwa vidole, kisha sisi tunafanya nini?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yasema kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Kwa hiyo nataka tawi letu litoe azimio katika mkutano ujao: wajumbe wetu katika kamati hizo wadai majina ya dawa zote za kuchovya, si rangi zake, lebo isomwe kwa Kiswahili mbele ya meza, pamoja na saa zinazotakiwa kupita kabla ya mtu kuingia tena palipopigwa dawa, glavu zitolewe hata kama mwendo utapungua, na mama mjamzito asiketishwe tena kwenye ndoo kwa jina la kazi nyepesi.

Yule bwana wa mkutano uliopita naye namwomba aje. Nitaleta lebo tatu, naye atuchagulie ipi angempa mkewe aishike kwa mkono mtupu.

Mwanachama, Sori