Mlima Rungwe na Maneno ya Wazee



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme neno na makarani wenzangu, hasa wale wanaohamishiwa Tukuyu wakakaa miaka miwili mitatu bila kuukanyaga mlima wanaouona kila asubuhi.

Mimi nami nalikuwa miongoni mwao. Mwaka mzima nalisema, "Nitapanda Jumamosi ijayo." Siku nilipopanda na wenzangu wawili, mzee aliyetuongoza alisimama mara kwa mara. Huu ni mti wa dawa; hapa hapapitwi kwa kelele; kule husikika kipunji, kima mwenye shungi kichwani na mlio wa ajabu. Mwenzetu mmoja akacheka, akidhani ni ngano ya watoto. Mzee hakukasirika. Alisema tu, "Wanangu, ninyi mwasadiki kilichoandikwa."

Neno lile lilitupata barabara. Wamoravian walianzisha misheni ya Rungwe mwaka 1891, na boma la Wadachi likafuata hapa Tukuyu. Tangu hapo zimeandikwa taarifa, ramani na vitabu vya kodi visivyo na idadi. Lakini kipunji hakujulikana na wataalamu ila baada ya zaidi ya miaka mia moja. Wawindaji wa Kinyakyusa walimtaja, lakini wataalamu walisita, kwa kuwa masimulizi ya huku yana wanyama walio hai na wa kubuniwa pia. Mwaka 2003 watafiti walimwona kwa macho yao katika mlima huu. Mwaka 2005 habari zake zikatangazwa duniani. Na mwaka 2006 ikaonekana ya kwamba yeye ni jenasi mpya kabisa, jambo ambalo halikutokea kwa kima wa Afrika tangu mwaka 1923. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2008 ilipata kipunji 1,117 tu, katika misitu ya Rungwe na Livingstone na katika msitu wa Ndundulu huko Udzungwa. Mwaka 2009 msitu wa mlima huu ukafanywa Hifadhi ya Mazingira Asilia.

Basi tujiulize: jina walikuwa nalo nani, na aliyekosa kulisikia ni nani? Sisi watu wa kalamu tuna kosa moja kubwa, nalo ni kudhani ya kwamba jambo lisilokuwamo katika faili halimo duniani.

Najua yuko atakayeuliza: Je, tuandike pia habari za joka la ziwa Ngozi, na mali ya Wadachi isemwayo kuwa imezama katika ziwa la Masoko? Najibu: Naam, tuandike, lakini kwa adabu ya ukarani. Nani amesema, mahali gani, siku gani. Ameona mwenyewe, au amesimuliwa? Asadikiye kila neno na akataaye kila neno wote wawili wamekwepa kazi ya kuchunguza.

Kwa hiyo nashauri kila tawi letu liweke daftari moja. Mwanachama apandaye mlima, kwa ruhusa na pamoja na kiongozi, asirudi na picha tu. Aandike alichokiona na alichoambiwa, kila kimoja mahali pake, naye mzee asomewe kabla ya kufunga daftari. Msitu ule huilisha mito ya Kiwira na Mbaka, iendayo Ziwa Nyasa, na sasa umewekewa sheria ya kuulinda. Lakini maneno ya wazee hayana hifadhi. Kila mzee azikwaye huenda na majina ambayo hatutayapata tena kwa barua wala kwa simu.

Mlima hautahama. Wazee wanaondoka, nasi makarani huhamishwa. Jumamosi ijayo isiwe ya kuahirishwa tena.

Ni mimi,
Karani wa Tukuyu